Kisu Kipi Kibaki? Mpini wa Pembe na Hesabu ya Uzeeni

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakunena afanye nini mwenye kisu huyo siku meno yatakapokuwa hayaiwezi tena nyama, wala vidole havina nguvu ya kufunua makali. Swali hilo huwafika wazee wengi wa Uingereza, hasa wale wa mji wa Sheffield na vitongoji vyake, ambako kwa vizazi vingi mwanamume alitia kisu cha kukunja mfukoni kama atiavyo leso. Hufika siku ya kuhama nyumba ya ghorofa na kuingia chumba kimoja. Mtoto wa meza huvutwa, na visu vilivyokusanyika kwa miaka sitini hutandazwa juu ya kitambaa: kisu cha babu, kisu cha kazini, kisu cha zawadi kisichowahi kukata hata uzi, kisu kilichonunuliwa safarini. Chumba kipya ni kidogo, na watoto wamekwisha kusema kwamba mzee hahitaji visu vyote hivyo. Kipi basi kibaki?

Kwa mtazamo wa haraka, hili ni jambo dogo la nyumbani. Lakini mara nyingi katika mkusanyiko wa namna hiyo hupatikana kisu kimoja chenye mpini mweupe ulioanza kupiga umanjano, laini kama mfupa wa samaki uliosuguliwa na bahari. Kisu hicho kikishikwa, mkono wa mzee wa Sheffield hugusa kitu ambacho huenda kiliwahi kupimwa kwenye mizani ya forodhani Unguja. Hapo hesabu ya mzee mmoja huwa hesabu ya watu wengi, na wengi wao hawakujaaliwa kuufikia uzee.

Kisu cha kukunja ni cha kale kuliko mifuko yenyewe. Huko Hallstatt, katika nchi ya Austria, kilipatikana kimoja chenye mpini wa mfupa, nacho hukadiriwa kuwa cha baina ya mwaka 600 na 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Warumi nao walikuwa navyo, na baadhi ya mipini yao ilichongwa kwa mfupa au kwa pembe ya ndovu, ikatolewa sura za wanyama. Visu hivyo vya mwanzo vilikuwa na ubapa uliozunguka kwenye msumari mmoja, pasi na kitu cha kuuzuia usijifunge. Ilikuwa ni katika karne ya 17 ndipo mafundi wa Uingereza walipoeneza matumizi ya springi ya mgongoni, yaani kipande cha chuma kinachokaa nyuma ya mpini na kuukandamiza ubapa, ukifunguka usimame na ukifungwa utulie. Springi hiyo ndiyo iliyokifanya kisu cha mfukoni kiwe cha kuaminika. Na ndiyo hiyo hiyo, kama itakavyoonekana, inayomgeuka mwenyewe anapozeeka.

Wapenzi wa ushairi wana sababu yao ya kukikumbuka kisu hiki. Kabla ya kuenea kwa kalamu za chuma zilizotolewa kwa wingi na viwanda vya Birmingham kuanzia miaka ya 1820, Mzungu aliandika kwa unyoya wa bata bukini, na unyoya huo ulihitaji kuchongwa ncha kila mara. Kisu kidogo cha kuchongea kalamu kilikaa mezani kando ya wino. Katika pwani ya Waswahili hali haikuwa mbali na hiyo. Neno kalamu lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni tete. Na hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, Lamu na Pate, Mombasa na Unguja, zilitoka katika ncha ya tete lililokatwa mshazari kwa kijisu kikali. Makali yakiwa butu, ncha hukwaruza karatasi na wino hutapakaa. Hivyo kila beti iliyoandikwa ilitanguliwa na tendo la kukata.

Huenda si sadfa kwamba Kiswahili kimeliweka neno kijembe katika pande mbili. Upande mmoja ni kisu kidogo au wembe. Upande wa pili ni neno la fumbo linalomkata mtu bila ya kumtaja. Waliposhindana kwa mashairi Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, vilivyorushwa baina ya miji ile miwili vilikuwa vijembe vya namna hii ya pili. Kwa Waingereza, kisu cha kalamu kilipoteza kazi yake manyoya yalipoachwa, lakini jina lilibaki. Hadi leo kisu kidogo cha mfukoni huitwa kwao kisu cha kalamu, ijapokuwa aliyenacho hajapata kuchonga kalamu hata siku moja.

Mji wa Sheffield ulijulikana kwa visu tangu zamani. Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alimpa msagaji nafaka katika mojawapo ya hadithi zake kisu cha mji huo, jambo linaloonyesha kwamba jina la Sheffield lilikwisha kuwa na maana kwa wasomaji wake. Mwaka 1624 chama cha mafundi wa visu wa eneo hilo kilipata sheria ya Bunge ya kusimamia alama na ubora wa kazi. Mito ya milimani ilizungusha magurudumu ya kunolea. Mawe ya kunolea yalichimbwa karibu. Na katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman aligundua njia ya kuyeyusha feleji katika vyungu vya udongo, ikatoka safi na sawasawa kote. Kutoka hapo hapakuwa na mji mwingine wa kuipita katika biashara hii kwa zaidi ya miaka mia.

Katika nyumba zote za kazi hiyo, iliyovuma zaidi ilikuwa ya Joseph Rodgers na Wanawe. Alama yake, nyota na msalaba wa Malta, ilisajiliwa mara ya kwanza mwaka 1682. Mwaka 1822 nyumba hiyo ilitengeneza kisu cha maonyesho chenye bapa 1,822, moja kwa kila mwaka wa kalenda ya Kikristo. Kwa ajili ya Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 ilitoa kingine chenye bapa 75, mpini wake wa chaza, na juu ya bapa zake mkachorwa picha za nakshi. Visu hivyo havikukusudiwa kukata. Vilikusudiwa kuwaonyesha watu kwamba hakuna jambo la chuma lisilowezekana Sheffield.

Lakini visu vilivyoleta fedha vilikuwa vile vya kawaida, na mipini yake ilikuwa ya pembe ya ng'ombe, pembe ya kulungu, mti, mfupa, chaza, na kwa wenye uwezo, pembe ya ndovu. Hesabu za Rodgers za mwishoni mwa miaka ya 1870 zinaonyesha kwamba nyumba hiyo peke yake ilitumia kiasi cha tani 26 za pembe za ndovu kwa mwaka, yaani pembe zaidi ya 2,500. Kwa kipimo cha forodhani Unguja, hizo ni frasila zipatazo 1,660. Ikikadiriwa kwamba mpagazi mmoja hubeba frasila mbili, basi ni mizigo zaidi ya 800 kwa nyumba moja, katika mji mmoja, kwa mwaka mmoja.

Si haki kusema kwamba pembe zote hizo zilitoka Unguja. London ilipokea pembe kutoka Misri, Afrika ya Magharibi, Afrika ya Kusini na Bara Hindi, na zilipofika sokoni zilichanganyika. Lakini katika karne ya 19 Unguja ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe la Afrika ya Mashariki, na pembe za upande huu, zilizoitwa laini, zilisifiwa kwa weupe wake na kwa kutopasuka upesi. Wafanyabiashara wa kisiwani walizigawa kwa majina yanayoonyesha ziendako. Pembe kubwa na nzuri ziliitwa bab ulaya, kwa kuwa ziliendea Ulaya na Marekani. Bab kachi ziliendea Kachi, katika Bara Hindi, kuchongwa bangili. Na ndogo ziliitwa kalasha. Mapatano ya biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ya mwaka 1833, na yale ya Uingereza ya mwaka 1839, yaliifungulia njia biashara hiyo. Wenye mali wa Kihindi, kama nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha, walikopesha mtaji; nguo za merikani, shanga na waya wa shaba vikapelekwa bara; pembe zikarudi.

Zilirudi vipi? Zilirudi mabegani mwa watu. Misafara iliondoka Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na baadaye ikavuka kuingia Manyema. Wanyamwezi walijulikana kuwa wapagazi hodari wa ujira, waliojua bei ya jasho lao. Lakini pamoja nao walikuwamo watumwa, na kadiri biashara ilivyosogea magharibi ndivyo pembe na utumwa vilivyozidi kushikana. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mkubwa wa biashara hiyo, na maisha yake aliyaeleza kwa Kiswahili, yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Alifariki Unguja mwaka 1905 akiwa mtu mzima, nyumbani kwake, katika Mji Mkongwe. Mpagazi aliyeanguka njiani na ndui au njaa hakupata kaburi lenye jina, sembuse kitabu.

Upande wa pili wa bahari pia palikuwa na waliokufa kabla ya wakati. Kazi ya kunoa ilifanywa mtu amekaa nyuma ya jiwe linalozunguka, uso ukiwa karibu na cheche. Waliotumia jiwe lenye maji walipata nafuu kidogo. Waliotumia jiwe kavu walivuta vumbi la mawe na chuma kutwa nzima, na mapafu yao yakawa magumu. Madaktari wa Sheffield wa nusu ya kwanza ya karne ya 19 waliandika juu ya maradhi hayo. Walionoa nyuma na uma kwa jiwe kavu, wengi wao hawakufika umri wa miaka 40. Mashine za kuvuta vumbi ziliwahi kubuniwa, lakini kwa miaka mingi hazikuenea. Kwa hiyo kisu chenye mpini wa pembe kilipomalizika kupigwa msasa na kutiwa katika kisanduku chake cha hariri, kilikuwa kimepita katika mikono ya watu wa mabara mawili wasiojuana, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kulipa kwa pumzi zao.

Hayo ndiyo yanayolala katika mtoto wa meza wa mzee. Na siku ya kuchagua ikifika, kila kisu hudai haki yake kwa hoja tofauti.

Hoja ya kwanza ni ya mkono. Kisu cha springi kali hufunguliwa kwa ukucha unaoingizwa katika kijishimo kilichokatwa kwenye ubapa. Kijana hufanya hivyo bila kufikiri. Mzee mwenye baridi yabisi, ukucha wake umekuwa mwepesi na kiungo cha kidole gumba kimevimba, hukiona kisu alichokitumia miaka arubaini kimekuwa kama mlango uliokwama. Ndiyo sababu baadhi ya wazee wa Ulaya wamevipa nafasi visu vya aina nyingine, mathalani Opinel wa Ufaransa, aliyeanza kutengenezwa na Joseph Opinel katika milima ya Savoie mwaka 1890. Huyu hana springi kabisa: ni mpini wa mti, ubapa, msumari, na tangu mwaka 1955 pete ya chuma inayozungushwa ili ubapa usijifunge juu ya vidole. Wengine hubaki na kisu cha Uswisi, ambacho Karl Elsener wa Ibach alikisajili mwaka 1897 kikiwa kisu cha maofisa. Huyo kampuni yake ilikuja kuitwa kwa jina la mama yake, Victoria. Humo mna mkasi mdogo, na kwa mzee mkasi huweza kuwa na faida kuliko makali.

Hoja ya pili ni ya sheria. Tangu sheria ya mwaka 1988, Uingereza huruhusu mtu kuchukua hadharani, bila ya kutoa sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi tatu, na mahakama zikafafanua kwamba kisu kinachojifunga kwa kufuli hakimo katika ruhusa hiyo. Baada ya Septemba 2001, viwanja vya ndege navyo vilikaza mkono, na wazee wengi waliosahau kupapasa mifuko yao waliviacha visu vya maisha yao katika visanduku vya walinzi.

Kisu cha pembe kina sheria yake peke yake. Mwaka 1989, miezi michache baada ya Kenya kuchoma tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, mataifa yaliyokutana Lausanne yalikubali kupiga marufuku biashara ya pembe duniani, na Tanzania ilikuwa mbele katika kulitaka hilo. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya pembe ya mwaka 2018 ilianza kutumika tarehe 6 Juni 2022, na kwayo kuuza kitu cha pembe ya ndovu, hata kilichochongwa zama za Malkia Victoria, ni kosa, isipokuwa kwa misamaha michache. Mmoja wa misamaha hiyo ni wa vitu vya kabla ya mwaka 1947 ambavyo pembe iliyomo haifiki asilimia 10 ya ujazo wake. Na mpini wa kisu kidogo aghalabu huzidi hapo. Lakini sheria haimzuii mtu kumiliki, kutoa zawadi wala kurithisha. Kwa hiyo mzee mwenye kisu cha aina hii ana njia mbili tu za kawaida: kubaki nacho au kumpa mtu. Kitu kilichoanza safari yake kwa kupimwa na kunadiwa kimetolewa sokoni na sasa hakina bei.

Kabla ya kuamua, mwenye busara hukitazama kwa kioo cha kukuzia. Mfupa wa ng'ombe huonyesha vitone vyeusi vidogo, alama za mishipa ya damu. Seluloidi iliyoigiza pembe, iliyoanza kuenea katika miaka ya 1870, huwa na mistari iliyonyooka mno kwa kuwa ni kazi ya mashine. Pembe ya kweli, ikitazamwa pale ilipokatwa kwa upana, huwa na mistari myembamba inayopishana kama nyuzi za jarife. Wengi hugundua kwamba walichokiita pembe kwa miaka yote ni mfupa. Wanaogundua kwamba ni pembe kweli, furaha yao huchanganyika na uzito fulani.

Hoja ya tatu, na ndiyo inayoshinda mara nyingi, ni ya mazoea. Kisu kilichotumika sana hunolewa mpaka ubapa wake ukapungua nusu. Chata cha fundi kimefutika, mpini umekula alama ya kidole gumba. Mnunuzi hakitaki. Lakini ndicho kinachobaki na mzee, cha kumenyea tufaha baada ya chakula, kwa utulivu ule ule anaomenyea chungwa mzee wa Kiunguja barazani, ganda likishuka refu bila kukatika. Kile kisichowahi kunolewa, ambacho kingepata bei nzuri, huondoka kwanza bila ya mtu kuhuzunika.

Vilivyobaki hugawiwa wajukuu, na hapo Waingereza wana ada ya kale: kisu hakitolewi bure, kwani husemwa kwamba hukata mapenzi baina ya mtoaji na mpokeaji. Anayepewa hutoa sarafu moja ndogo, ikawa kama kwamba amenunua. Kisu cha pembe nacho, kwa kuwa sarafu hiyo yaweza kuonekana ni mauzo mbele ya sheria mpya, ni afadhali kiandikwe katika wasia.

Mafundi wenyewe wamekuwa wachache. Stan Shaw, aliyezaliwa mwaka 1926 na kuingia kazini mwaka 1941 akiwa na miaka 14, alikuwa miongoni mwa wa mwisho wa wale mafundi wa kujitegemea wa Sheffield ambao mmoja hutengeneza kisu kizima, tangu kukata chuma hadi kupiga msasa. Alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 70 na alifariki mwaka 2021. Yeye alijaaliwa uzee ambao wanoaji wa karne iliyotangulia waliukosa, na kila alichokitengeneza sasa kinahifadhiwa kama amana.

Amana ndilo neno lifaalo pia kwa kile kisu cha mpini mweupe. Mzee anayekirithisha hufanya vyema kutia ndani ya kisanduku karatasi yenye maneno machache: mpini huu ni wa ndovu, ndovu huenda aliuawa bara ya Afrika ya Mashariki, pembe huenda ilibebwa miezi kadhaa hadi pwani, ikapita Unguja, ikafika London, makali yamenolewa na mtu ambaye pengine hakufika miaka arubaini. Katika lugha ya pwani husemwa kwamba fulani ameshika mpini na mwenziwe ameshika makali. Katika kisu hiki, waliokishika upande wa makali walikuwa wengi, na majina yao hayamo katika chata. Mjukuu atakapokikunjua, angalau ajue kwamba walikuwapo.